Gauni Jeupe la Jumamosi

Picha ilifika kabla ya maneno. Balaa yote ilianzia hapo, maana kama maneno yangetangulia, pengine leo tusingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, juu ya kilima ambako watu wa Nyamitaba hupanda kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu. Chini kijijini simu ni tochi tu. Ukitaka kusikia sauti ya mtu aliye mbali, sharti upande na usimame karibu na kibanda cha Magloire, bwana mmoja mpole mwenye bamba la kuchajia simu kwa jua na subira ambayo mapadri wenyewe wangemwonea wivu. Siku hiyo Libérata alipanda viatu vyake vya kanisani vikiwa mkononi kwa sababu ya tope. Simu alimkabidhi Magloire, kwa kuwa kioo chake kilikuwa kimepasuka na hakikutii kidole chake.

"Mama Muhawe," Magloire akamwambia, "kuko foto moja na audio moja ya mutoto. Audio iko nazunguka tu, inakataa kuingia. Foto njo inakuja."

Muhawenimana, ambaye nyumbani walimwita Muhawe, alikuwa na miezi minane Ubelgiji. Aliishi na familia ya Wazungu nje kidogo ya Bruxelles, akiwalea watoto wao wawili na kujifunza mambo ya kule; badala ya mshahara alipewa chumba, chakula na pesa kidogo ya mfukoni. Kazi hiyo ina jina lake la Kifaransa, fille au pair, na Libérata alikwisha kata tamaa ya kulitamka. Akiulizwa, alijibu tu kwamba binti yake anachunga batoto ya benyewe. Wiki ile Muhawe alikuwa amemwambia jambo la furaha: wenye nyumba wamempa wikendi nzima ya kupumzika, ya kwanza tangu afike, naye angekwenda kuilala mjini kwa rafiki yake Solange, msichana wa Goma anayesomea ushonaji. Libérata alimwomba kitu kimoja tu.

"Unitumie vyote vile utaona. Na miye nitembee."

Basi tangu Ijumaa alikuwa akitembea. Alipalilia maharage huku anatembea Bruxelles. Ukungu uliposhuka juu ya mlima na kufunika mashamba ya jirani, aliona ndani yake barabara pana zilizo kavu, madirisha yenye nguo zimesimama bila watu, na Muhawe wake akipita polepole, hana haraka, hana mtoto wa mtu mgongoni. Jembe liliinuka na kushuka lenyewe. Mara mbili alikata shina la mharage pamoja na magugu, na hakujali.

Picha ilifunguka kutoka juu, kidogo kidogo. Kwanza taa nyingi za rangi ya asali. Kisha nywele zilizofungwa juu kwa ufundi. Kisha uso wa mwanawe, umepakwa kitu kinachong'aa, na macho yanatazama mbali kuliko alivyowahi kuyaona yakitazama. Libérata alisikia moyo unamjaa. Kisha mabega, na kutoka mabegani kitambaa cheupe kikishuka, kikipanuka, kikifika chini na kuendelea sakafuni nyuma yake. Mwisho kabisa, pembeni, mkono wa Muhawe ukiwa ndani ya mkono wa kijana mrefu mwenye suti nyeusi na ua kifuani. Nyuma yao watu wanapiga makofi.

Audio iliendelea kuzunguka.

Mtu wa mjini atacheka, atasema gauni ni gauni. Acheke. Nyamitaba gauni jeupe refu ni moja tu, na linakaa ndani ya sanduku la bati kwa Mama Euphrasie, mkubwa wa kina mama wa parokia, pamoja na majani ya mkaratusi ya kufukuza wadudu. Kila anayefunga ndoa huliazima, hulivaa asubuhi, hulirudisha jioni. Wembamba hulibana kwa pini, wanene huliachia mshono. Hakuna anayelijaribu kwa mchezo, wala aliyewahi kulivaa asitoke mke wa mtu. Libérata mwenyewe alilivaa miaka ishirini na mitano iliyopita, na ilipofika saa kumi alasiri alivuliwa mbio mbio, bia haijaisha, kwa sababu bibi harusi wa kilima cha pili alikuwa ameketi na kanga yake anangoja.

Huyo bibi harusi wa kilima cha pili alikuwa Geneviève. Na Geneviève huyo huyo, ambaye sasa ni mama yake Cyusa, mchumba wa Muhawe, alikuwa amesimama nyuma ya bega la Libérata akingoja zamu yake ya kubahatisha kumpigia mwanawe.

Geneviève hakupiga kelele. Aliinama, akatazama kioo kilichopasuka, akatazama tena.

"Mama Muhawe, huyu mwanaume ni nani?"

"Sijue," Libérata akasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na hakuna jibu baya kuliko hilo ambalo angeweza kulitoa mbele ya watu arobaini waliotoka kupokea komunyo. Geneviève alikunja kitenge chake vizuri, akashuka kilima bila kumpigia mwanawe.

*

Jumatatu jioni wakwe walikuja. Sébastien, baba yake Cyusa, alitangulia na fimbo yake, na Geneviève akamfuata. Mbonigaba, mume wa Libérata, aliwatolea viti na kasiksi, ile pombe ya ndizi aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sikukuu. Walikaa, lakini mrija hawakuugusa. Mkwe akikataa kunywa kwako, huna haja ya kuuliza habari.

"Mbonigaba, hatukuje kugombana," Sébastien alianza. "Tunakuja kwa ng'ombe."

"Ng'ombe inafanya nini?"

"Iko nakula majani kwako, na mutoto wako iko nakula ndoa kwa bazungu."

Ng'ombe mwenyewe, jike la rangi ya kahawia lililoitwa Gaju, alikuwa nyuma ya nyumba akicheua, tumbo limejaa, bado kama mwezi mmoja azae. Cyusa alimtoa kwa mahari mwaka uliopita. Kijana huyo hufanya kazi ya pikipiki huko Walikale, kwenye njia ya msitu inayokwenda Pinga, ambako mvua ikinyesha pikipiki ndiyo humpanda mtu. Miaka miwili ya matope ilikuwa ndani ya ngozi ya mnyama yule.

Na kwa Mbonigaba kulikuwa na zaidi. Zamani alikuwa na ng'ombe wanne. Wote waliondoka siku moja na wenye bunduki, pamoja na wa majirani, na tangu hapo, wanaume wakizungumza habari za majani na maziwa, yeye alikuwa akitazama kucha zake. Gaju alipoingia kwenye lupango wake, yaani uani mwake, Mbonigaba alianza tena kusema mbele za watu. Libérata aliliona hilo na hakumtania kamwe, na yeye ni mtu wa kutania.

"Mutoto wangu hakuolewa," Libérata akasema.

"Unajua aje?"

"Namujua."

"Mama, foto tuliona. Kilima muzima kiliona. Unasema macho yetu yote iko nadanganya?"

"Foto haina kinywa. Mungoje audio."

Sébastien alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Tukingojea audio, kesho utasema tungojee barua. Cyusa iko mu pori, mahali hakuna rezo, anapita mu mito na pikipiki juu ya huyu binti. Akitoka huko nimuambie nini? Nimuambie bibi yake alivaa nyeupe na muntu mwingine, na ng'ombe yake bado tunaiacha kwa bakwe ikazalie huko?"

Mbonigaba alirudi kutazama kucha zake. Ndivyo ilivyokuwa aibu ya Mbonigaba na mkewe siku hiyo: walikuwa na kila haki ya kukasirika na hawakuwa na neno hata moja la kujitetea.

"Mutupe mpaka siku ya ine," Libérata alisema. "Alhamisi. Ikifika audio haijaingia, miye mwenyewe nitafungua kamba."

Walikubali kwa shingo upande. Sébastien alitoka kwanza. Geneviève alibaki nyuma kidogo akitafuta kandambili yake gizani mwa mlango, akamwambia Libérata bila kumtazama, "Lakini alikuwa muzuri."

*

Jumanne Libérata alipanda kilima peke yake, ukungu ukiwa mzito hata hakuona miguu yake. Haikumsumbua. Tangu ile picha alikuwa kama mtu anayetembea usingizini, na jambo la ajabu, ambalo hakumwambia hata Mbonigaba, ni kwamba hakuwa na hofu peke yake. Chini ya hofu kulikuwa na kitu kitamu. Kila alipofumba macho aliona kile kitambaa kikiendelea sakafuni, kikiendelea, kana kwamba hakina mwisho, na mwanawe anakivuta bila kugeuka kukitazama. Alijilaumu. Kisha alifumba macho tena.

"Moja imeingia," Magloire alisema alipomwona. "Na kuko ingine mupya, iko nazunguka. Nifungue?"

"Usifungue. Nenda uniitie Sébastien na bibi yake. Waambie Mama Muhawe anabaita, na bapite wakisemea kwa njia, watu wasikie."

Walipofika, walifika na kijiji. Mama Euphrasie wa lile gauni naye alikuja akihema, kwa kuwa jambo la mavazi meupe lilikuwa ni la idara yake. Mbonigaba alisimama kando. Magloire aliiweka simu juu ya meza, ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, na Muhawe akaanza kusema kutoka ndani ya sufuria.

"Mama, ni miye. Niko nasema polepole juu Solange ameshalala. Huku kunaanza kucha, tunatoka kucheza sasa hivi, miguu iko nawaka. Ngoja nikuambie yote, ulisema unataka kutembea.

"Jana tulikwenda mu maduka. Hatukununua kitu, tulikuwa tu nagusa. Kuko kitambaa kimoja, Mama, ukikigusa unafikiri ni maji. Muntu wa duka alituangalia, akatufuata mpaka mulango, lakini mikono yetu ilikuwa safi, tukaendelea kugusa. Mangaribi kulikuwa defile ya masomo ya Solange. Banafunzi banaonyesha manguo yenye bameshona bo benyewe, na bantu bengine banatembea nazo mbele ya watu ili zionekane. Miye nilikwenda kuangalia. Sasa ule binti wa kuvaa robe ya mwisho, robe ya Solange, akapata homa. Solange akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema: weye na yeye urefu iko moja. Nikakataa. Akaanza kulia. Njo nikavaa.

"Ilikuwa kubwa, Mama. Balinifunga na pini kwa mugongo, pini kumi na mbili, hata kupumua nilikuwa naogopa. Ule kijana wa suti nilimuona pale pale mara ya kwanza, anaitwa Bienvenu, bibi yake alikuwa amekaa mbele na mutoto. Alinishika mukono juu viatu vilikuwa virefu na nilikuwa natetemeka. Tulitembea, tukageuka, tukarudi. Basi. Njo ndoa yote. Kisha baliivua, baliitundika kwa musumari."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wengi. Mama Euphrasie hakucheka. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa kweli, "Padri alikuwa wapi?"

"Kisha tulikwenda kucheza," sauti iliendelea. "Ni nyumba iko chini ya udongo, unashuka ngazi, muziki unaisikia kwa tumbo mbele ya masikio. Taa inabadilika, mara bantu wote ni bluu, mara ni bekundu. Nilicheza, Mama. Hakuna alikuwa ananijua, hakuna alikuwa ananiita kwa mutoto amelia. Tulitoka mvua imeshanyesha, barabara yote inaangaza mataa, na nikavua viatu, nikavibeba mu mukono vile weye unafanyaka ukienda misa. Tulikula viazi vya mafuta mu karatasi. Sasa nalala kidogo. Saa kumi na mbili ya mangaribi niwe nimerudi kwa benyewe, Madame alisema nisiongeze hata dakika moja. Usalimie Papa. Usalimie Gaju."

Sufuria ikanyamaza.

Libérata alikuwa amefumba macho. Alipoyafungua, kilima kilikuwa bado kilima, kina ukungu na watu wenye makoti mazito, na ilimchukua muda kidogo kurudi. Sébastien alikuwa anajikuna shingo.

"Anacheza mpaka asubuhi," alisema mmoja wa wajomba waliojileta wenyewe.

"Kucheza haiko ndoa," Sébastien akamkata. Ugomvi haumpendezi mtu wa haki anapojua kwamba haki imehama. Alimgeukia Mbonigaba, akavua kofia. "Mukwe, tulikosa. Tulisoma foto na hasira. Leo mangaribi tutakuja kunywa ile kasiksi tuliiacha."

Na walikuja, wakanywa. Mbonigaba alizungumza usiku ule kama redio. Alieleza namna ya kumlisha ng'ombe mwenye mimba, akaeleza majani yapi ndiyo na majani yapi siyo, na Sébastien, ambaye ana ng'ombe sita na anayajua hayo yote, alimsikiliza kama mwanafunzi. Libérata aliwapimia pombe na kutaniana nao. Alimwambia Sébastien kwamba macho yake yanahitaji miwani, na Sébastien akakubali kwamba ni kweli. Ilikuwa jioni njema. Angependa iwe mwisho wa habari hii.

*

Audio ya pili iliingia Jumatano. Magloire alimwekea, akampa simu, akaenda kusimama mbali, maana alisikia sentensi ya kwanza na ni mtu mwenye adabu.

"Mama, hii usisikie na bantu. Sikia pekee.

"Nimerudi kwa benyewe. Batoto bamelala. Niko naosha machupa ya maziwa na niko nafikiri. Nakuambia kitu nilisikia jana mu ile robe. Nilipoivaa nilisema, sasa nitafikiri Cyusa, juu nikifika nyumbani njo nitavaa hivi na yeye. Nikamutafuta mu roho. Mama, sikumupata. Nilitembea mpaka mwisho, nikageuka, nikarudi, na nilisikia tu kitambaa. Nilikuwa nafikiri mushono gani inaishika hapa kwa mabega, na pini hii ingekuwa pale ingekaa muzuri zaidi. Njo nilikuwa nafikiri.

"Cyusa ni muntu muzuri. Hakunikosea. Lakini sitaki kuolewa naye, na nimeogopa kusema tangu mbele ya kuondoka. Mwalimu wa Solange aliniona vile nilirekebisha ile pini, akaniuliza kama ningependa kusoma. Sijue kama batanikubali. Makaratasi ni mengi, labda watakataa, labda nitarudi huko na mikono tupu. Lakini sitaki muntu aningojee, na sitaki ng'ombe iningojee. Cyusa nitamuambia miye mwenyewe akitoka mu pori, wiki tatu ao ine. Nilitaka weye ujue kwanza. Unisamehe juu ya Papa. Najua vile anaipenda Gaju."

Libérata alisikiliza mara mbili. Mara ya pili alisikia maji yakichuruzika nyuma ya sauti, na chupa zikigongana. Alilia, na aliyelilia hakuwa Cyusa wala ng'ombe. Alililia lile neno moja, nimeogopa. Mtoto alikuwa amekaa na mama mwaka mzima wa uchumba, wakichambua maharage katika ungo mmoja, na hakuweza kumwambia.

Nyumbani alimwambia Mbonigaba yote. Hakupunguza. Mbonigaba alisema jambo ambalo wanaume wenye akili husema wanapotaka kufanya lisilofaa.

"Hatujasikia kitu."

"Nimesikia."

"Umesikia weye. Mutoto mwenyewe anasema atamuambia kijana kiisha wiki tatu ao ine. Gaju inabakisha mwezi. Tungoje izae. Ndama ikizaliwa mu lupango yetu, hata wakija kuchukua mama yake, ndama inabaki. Sébastien mwenyewe hatakataa, ni desturi. Hatuibe. Tunanyamaza tu."

"Na kila siku wiki tatu nipite kwa Geneviève namusalimia mukwe wangu, mukwe wangu?"

"Unamusalimia kila siku."

"Nilikuwa namusalimia na ukweli."

Mbonigaba alisimama, akaenda mlangoni. Nje Gaju alikuwa analamba jiwe la chumvi. "Libérata," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "hii ndama moja tu. Nikuwe na kitu yenye ilizaliwa hapa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angemgombeza. Kwa muda, hebu tuseme ukweli wake, alikuwa tayari. Nani angejua? Magloire hasemi. Alhamisi ingepita kama siku nyingine, Geneviève angepita na kikapu chake, wangecheka. Alijaribu kuziona wiki hizo mbele yake vile alivyokuwa akiiona Bruxelles, na aliziona vizuri mno: yeye mwenyewe amevaa kitu kilichobanwa kwa pini mgongoni, anatabasamu, na hathubutu kupumua.

"Njia ya mwongo ni fupi, baba," alisema taratibu. "Na sisi tuko na njia moja tu na hawa bantu, tunapita kila siku."

Mbonigaba alitoka, hakurudi kula.

*

Alhamisi asubuhi, Libérata alipokwenda nyuma ya nyumba, alikuta Gaju amekwisha suguliwa, ngozi inang'aa, na shingoni kamba ya zamani imeondolewa, imewekwa mpya. Kando yake furushi la majani mabichi lilikuwa limefungwa kwa safari. Mbonigaba hakuonekana. Sauti ya panga lake ilisikika chini bondeni, kwenye migomba, likipiga na kupiga.

Walitembea polepole, mwanamke na ng'ombe, kwa kuwa mmoja alikuwa mzito tumboni na mwingine mzito moyoni. Ukungu ulikuwa umewafunika. Libérata hakuona nyumba wala watu, alisikia tu kwato na pumzi ya mnyama karibu na sikio lake, na kwa kitambo aliona kama anapita barabara pana iliyolowa mvua, yenye taa zinang'aa chini, na mbele yake msichana aliyebeba viatu mkononi. Alimwongelea Gaju njiani. Alimwambia habari za defile.

Geneviève alikuwa anafagia uani. Alimwona ng'ombe kwanza, kisha mwenye kamba, na ufagio ukasimama.

"Mama Muhawe. Leo siku ya ine, lakini hayo tulimaliza. Tulikunywa."

"Tulikunywa."

"Sasa Gaju inakuja kufanya nini? Na mimba yake?"

"Na mimba yake. Ndama ni yenu pia."

Geneviève aliuegemeza ufagio ukutani. "Kumbe aliolewa kweli."

"Hakuolewa," Libérata alisema. Alikuwa ameyaandaa maneno hayo njia nzima. "Kama angeolewa, mungekuja kuichukua benyewe na hasira, na mungekuwa na haki. Hakuolewa. Hamupendi tu. Alisema hivyo na kinywa yake, atamuambia Cyusa yeye mwenyewe, lakini miye nilisikia jana, na siwezi kulala na ng'ombe ya muntu na najua."

Geneviève alikaribia, akamshika Gaju pembe, akampapasa tumbo pale ndama alipokuwa akisogea. Uso wake ulikuwa na uchungu, na Libérata hakuukwepa, aliutazama, kwa maana ulikuwa uchungu wa haki. Kijana wa mwanamke huyu alikuwa mtoni wakati ule, amejaa matope, hajui.

"Mbonigaba anajua?"

"Yeye njo alifunga kamba."

Geneviève akatikisa kichwa polepole. Aliichukua kamba, akaifunga kwenye mti wa ua, akarudi, akaketi kwenye kigogo kilichokuwa karibu na jiko, akasogea kidogo kumwachia Libérata nafasi. Walikaa. Ilikuwa baridi, na moshi wa jikoni ulikuwa unakwenda chini chini kwa sababu ya ukungu.

"Simu yako iko na moto?" Geneviève aliuliza hatimaye, maana yake chaji.

"Kidogo."

"Nionyeshe tena ile robe."

Libérata aliitoa kifuani. Safari hii Geneviève ndiye aliyegusa kioo, na picha haikuhitaji rezo, ilifunguka mara moja, yote. Walikaribiana vichwa. Geneviève alifuata kwa kidole kutoka mabegani hadi chini, taratibu, akifika pale kioo kilipopasuka anaruka ufa, anaendelea.

"Pini kumi na mbili," alisema. "Na hazionekane."

"Hata zetu hazikuonekana," Libérata akasema.